Nyama ya Maksai Wetu

Mimi na mafuta hatupatani kabisa. Tangu moyo wa mume wangu Kiptanui umlaze hospitalini, daktari akamkataza nyama yenye mafuta, nimekuwa mbishi kwa mambo ya ng'ombe. Nilitafuta mbegu ya fahali ambaye watoto wake hawanoni ovyo. Ndama wakikua na mmoja akiuzwa bucha, naenda mwenyewe kuangalia nyama yake. Ikiwa na mafuta mengi, mama yake hapandishwi tena mbegu ile. Hapa Kiptere walinicheka sana.

"Ng'ombe wa Chepngeno ni mifupa tupu!" walisema. Wacha wacheke.

Basi ikafika koito ya binti yetu Chemutai, siku ya wakwe kuja kuelewana mahari. Tulichinja maksai wa kwanza wa uzao huo. Nyama nyekundu, safi! Niliimba jikoni kwa furaha. Leo mume wangu atakula mbele ya wageni kama mwanamume mwingine yeyote, nami sitakuwa na hofu.

Nilisonga ugali ndani. Shemeji Kipkurui, mdogo wake Kiptanui, alisimamia sufuria ya nyama nje.

Wageni walikula, wakasifu. Nilipoenda kuongeza mchuzi, niliona sufuria iliyokwisha kuepuliwa imeganda utando mweupe pembeni, mnene. Ai! Nyama ya maksai wangu haigandi hivyo.

"Shemeji, umetia nini humu?"

Akaangalia chini. "Mafuta ya mkia wa kondoo. Nilinunua sokoni Kapsoit."

"Unataka kumwua ndugu yako?"

"Pole, Mama Chemutai. Ni yeye alinituma. Alisema hawezi kuwapa wakwe nyama kavu, waseme tunawanyima."

Hasira ikanipanda. Niliingia sebuleni, nikamnyang'anya Kiptanui sahani mbele ya wakwe wote. Mzee mmoja akaacha kutafuna. Chemutai akafunika uso.

Mume wangu hakufoka. Alinitazama, midomo bado ina mafuta, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hata leo, mama?"

Nilitoka na ile sahani nje, nikamwagia mbwa, nikalia palepale huku nikiwasikia wakwe wakianza kuaga.