Mbwa Wanaojibu Mluzi

Usingizi unanikuta saa saba mchana, ndani ya hema, buti zikiwa bado miguuni. Nimezungusha kamba ya mbwa mara tatu kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu ukungu umeshuka mpaka siuoni moto niliouwasha mwenyewe hatua nne kutoka mlangoni, na mbwa hawa si wangu. Ni wa kaka yangu, Eliakunda. Shaba ni yule mwekundu mwenye adabu. Kisirani ni yule mweusi, na jina lake linamfaa, maana asubuhi ya leo amekula nusu ya mkate wangu na kunitazama kana kwamba mwizi ni mimi. Kila mwaka kaka huwapandisha huku mlimani, hupiga kambi nao siku mbili, na hushuka wote watatu wachafu na wenye furaha. Mwaka huu kiharusi kimemlaza. Mdomo umekwenda upande, ulimi umekuwa mzito, na mluzi, ambao ndio amri pekee wanayoijua mbwa hawa, umekwisha. Alinishika mkono akasema kwa taabu, wapandishe, Namsifu mdogo wangu, halafu uwarudishe. Nikamwambia nitawarudisha wote wawili, kaka. Sikumkumbusha kwamba sijui kupiga mluzi. Tulipokuwa wadogo alinifundisha nyuma ya banda la ng'ombe, mama akatukamata, akanichapa kofi mimi peke yangu, akisema mtoto wa kike hapigi mluzi, anaita nyoka nyumbani. Sijajaribu tena, na sasa nina miaka hamsini na miwili.

Nafumba macho, na kamba inavutwa. Nafungua zipu ya hema, natoka, najikuta ndani ya hema. Nafungua zipu, natoka, niko ndani ya hema. Mpaka zipu ya saba, au ni ya tisa, inanitoa kwenye barabara pana ya udongo mwekundu inayopanda mlima na kuushuka kwa wakati mmoja, na kamba ninayo mkononi lakini mwisho wake hauna mbwa. Haikukatwa, haikutafunwa. Naita Shaba, naita Kisirani, naita kama mjinga, maana najua hawajibu majina, majina hayo tuliyaweka sisi binadamu kwa ajili ya kuwasengenya tu. Barabara inagawanyika, nashika ya kulia. Inagawanyika tena, nashika ya kushoto. Na zote zinanirudisha penye panda ile ile, ambapo sasa amesimama mtu mwenye sweta la sufu na fimbo ya kupandia mlima, na chini ya kofia yake hakuna uso, pako laini kama kiganja. Sijui nimsalimie vipi, kwa kuwa umri wa mtu husomwa usoni, basi kwa usalama namwamkia, shikamoo. Marahaba, anaitika, sijui kwa mdomo gani. Namuuliza, umewaona mbwa wawili wamepita hapa? Mbwa nimewaona, anasema, ila mwenyewe sijamwona. Namwambia mwenyewe ndiye mimi, kamba hii hapa. Kamba unayo, anasema, lakini wao wanamjua nani? Nakasirika. Nina njaa, mkate wangu umeliwa, na mtu asiye na mdomo ananitegea vitendawili. Baba, namwambia, nionyeshe njia tu. Ananyoosha fimbo kule kule nilikotoka, nami nafuata, maana mwenye shida hachagui.

Njia inaniingiza katika mji ambao kila nyumba ina pacha wake ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, kamba ya nguo kwa kamba ya nguo, na katika kila dirisha najiona nikipita na mbwa wawili, Shaba kulia, Kisirani kushoto. Natazama pembeni yangu, hakuna kitu. Natazama dirishani, wapo, Kisirani ananilamba mkono, na mkono wangu ni mkavu. Naumia. Najua nitaingia chumbani kwa kaka na kamba tupu, naye ataitazama ile kamba, wala hatanilaumu, na hilo la kutonilaumu ndilo sitaliweza. Nakimbia, miguu inakwenda, mji hauendi. Mwanamke asiye na uso anafagia kizingiti chake, na pacha wake ng'ambo anafagia vile vile. Nawauliza, mama zangu, mbwa wa kaka wameelekea wapi? Wanajibu kwa pamoja, asiyeitwa haji, aliyeitwa harudi. Nauliza, nani anawaita? Wanaendelea kufagia. Mji unakatika ghafla kwenye korongo, na upande wa pili, hatua thelathini tu, wamekaa mbwa wa kaka, wametulia kama walivyofundishwa, wananitazama mdomo. Wanasubiri. Natia vidole viwili mdomoni, nakunja ulimi kama nilivyoonyeshwa nyuma ya banda, napuliza. Hewa tu. Napuliza tena, mate tu, napuliza hadi kichwa kinazunguka, na shavu linaniwaka pale pale mama aliponipiga. Shaba anainamisha kichwa upande mmoja, ananionea huruma. Njooni, nawaambia huku nalia, tafadhali njooni.

Ndipo mluzi unasikika. Ni mrefu, unashuka, halafu unapanda ghafla mwishoni. Unatoka juu, kileleni, ndani ya ukungu, na hakuna mwingine ninayemjua anayeumalizia hivyo. Furaha inanifika kabla ya akili. Kaka amepona, nasema. Kisha akili inafika. Kaka nimemwacha kitandani, hawezi hata kupuliza uji upoe, na kama leo anapiga mluzi mzima namna hii, basi kitandani hayupo. Mbwa wanainuka. Usiwaite, kaka, napiga ukelele, usiwaite, na mimi usiniache. Wanageuka, mikia juu, wanapanda mbio, hawaangalii nyuma, nami navuta kamba tupu kwa mikono miwili.

Kamba inakaza. Nimeketi ndani ya hema, kifundo kinauma. Nachungulia nje: wapo, Shaba na Kisirani, wote wawili, wamefungwa, wazima, wachafu. Nawakumbatia hadi Kisirani anaguna. Simu haina mtandao. Moto umezimika. Nacheka peke yangu, najiambia, Namsifu, umelala na njaa, shida yako ni hiyo tu. Lakini mbwa hawanitazami. Wamegeukia kileleni, masikio yamesimama, na Kisirani, ambaye hajawahi kumtii mtu isipokuwa kaka, analia taratibu huku akitikisa mkia. Kisha nami nausikia, mrefu, unashuka, halafu unapanda ghafla mwishoni. Wanavuta. Nachimbia buti kwenye udongo, naishika kamba kwa mikono miwili, na naomba, Mungu anisamehe, niwe bado nimelala.