Mti Usiopenda Baridi ya Eldoret

Ondiek alirudi Eldoret akiwa mzima, miaka miwili baada ya kuzikwa.

Hakuzikwa yeye, hapana. Mashua yake ilipozama ziwani na mwili ukakosekana, ndugu zake walifuata desturi ya Wajaluo: walichukua tunda la mti wa yago, refu kama soseji ya jitu, wakalizika nyumbani mahali pake. Kumbe mwenyewe aliokotwa, akawa kibarua katika kisiwa cha mbali.

"Yaani nililia tunda!" Akumu, mkewe, alicheka hadi akakaa chini.

Kicheko kiliisha wiki hiyo hiyo. Ondiek, aliyezoea kukimbia kwenye baridi ya msitu wa Kaptagat kwa vesti tupu, sasa alitetemeka saa sita mchana ndani ya mablanketi. Ngozi ilianza kupasuka kama gome. Popo wakajaa dirishani, kama wanavyojaa kwenye maua ya yago.

Akumu akampigia simu shemeji yake Omollo, aliyebaki nyumbani kule ziwani.

"Shem, lile yago mlizika liko aje?"

"Limeota! Kamti kamenifika kiunoni. Bwanako anaendelea vizuri huko chini kuliko sisi huku juu."

"Wacha ujinga. Kang'oe. Hako ndiko kanamuua."

"Sawa, bosi. Ngoja nifukuze hii mbuzi kwanza, inakula majani..."

Ondiek akapiga yowe. Fungu la nywele likaanguka kwenye blanketi, limetafunwa.

"Toa mbuzi!" Akumu akalia. "Na usiguse huo mti, Omollo! Usiguse!"

Yago ni mti wa joto la bondeni. Baridi ya Eldoret hauiwezi. Na Ondiek vilevile. Akumu angempeleka kule ziwani, au amzike mara ya pili.

Akafunga kibanda chake cha mitumba. Gari likateremka milima ya Nandi, na kila kona Ondiek alivua blanketi moja. Walipofika bondeni alikuwa anaimba, ngozi laini. Akumu akaanza kupanga: atauza samaki, wataanza upya, ataringa na bwana wake.

Nyumbani, Ondiek alivua viatu. Akampita mama yake bila salamu, akaenda kusimama kando ya kale kamti. Jua likasogea. Yeye hakusogea.

"Baba Janice, njoo ukule," Akumu akamwita kwa jina la binti yao.

"Nimeshiba jua," akajibu polepole. "Niletee tu maji."

Akumu akaleta kikombe. Ondiek akatikisa kichwa, akatazama chini. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimezama udongoni.

"Mwaga hapo," akasema.

Akumu akamwaga.