Mikono Iliyogoma Jukwaani

Mheshimiwa wetu tulimbandika jina la Bila Kupepesa. Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote, kasoro ilikuwa mdomoni. Hakuwahi kutoa ahadi bila kuipigia mbiu kwanza: "Ndugu zangu, mimi mtoto wa maskini mwenzenu, nasema kutoka uvunguni mwa moyo wangu, bila kupepesa macho, na Mungu wangu ananisikia..." Mbiu ndefu hiyo! Siku moja mbuzi mwenye mimba alipita mbele ya jukwaa ndiyo kwanza inaanza. Ilipokwisha alikuwa anarudi na watoto wawili, mmoja kashaota ndevu. Asiyeamini akamuulize mbuzi.

La kweli hakulipigia mbiu. Kodi ya vibanda inapanda: alisema kavu, na ikapanda. Maji yatakatika: kavu, na mabomba yakakohoa vumbi. Lakini zahanati, taa za barabarani na mtaro wa maji machafu, vyote vilitoka uvunguni mwa moyo, na mpaka leo viko huko huko uvunguni pamoja na mende.

Wa kwanza kumshtukia walikuwa viziwi.

Kaka yangu ni kiziwi tangu utotoni, fundi seremala, na mtaa wake wa karakana una mafundi wenzake tele wasiosikia. Binti yangu alijifunza lugha ya alama magotini kwa baba yake mkubwa kabla hajajua kutamka "uji". Ofisi ya Mheshimiwa ikamwajiri awe mkalimani wa mikutano, maana kura ya kiziwi nayo ni kura. Mwanzoni alitafsiri mbiu yote, vidole vikakakamaa kama vya maiti. Baadaye akapata njia yake. Mbiu ikianza, anashusha mikono mapajani, anapumzika, anamngoja mzee wa watu atoke kichakani, kisha anatafsiri ahadi yenyewe.

Yeye alikuwa anapumzisha viungo tu. Ila mafundi waliokuwa wakimtazama waliona kitu kingine: kila mikono ikilala, linalofuata halitokei. Wakaanza kucheka kimya kimya, mabega yanatikisika. Mheshimiwa akadhani wanafurahi.

Ndipo wakaja wapima barabara na rangi nyekundu. Kila karakana ikapigwa alama ya kubomolewa ukutani. Kaka alikuwa na mashine ya randa, dude la chuma lililofungwa kwa nati kwenye sakafu ya zege, na kuta zilijengwa baada yake. Kuitoa ni lazima avunje ukuta wa mbele kwa mkono wake mwenyewe. Kama barabara haiji, atakuwa mjinga aliyejibomolea. Kama inakuja, mashine italala chini ya tingatinga, na bila mashine hiyo kaka yangu ni mzee mwenye msumeno.

Mheshimiwa akaitisha mkutano uwanjani pale pale. Kaka akaniambia kwa alama, "Nitatazama mikono ya mtoto."

"Mimi nakwambia, bomoa," nikamjibu.

Akanitazama kama msumari uliopinda. Mwaka ule nilikuwa nimemsimulia habari za mbuzi, basi akaniona sina thamani.

Nikaenda kwa kinyozi, jirani yake ukuta kwa ukuta. "Hamisha vioo vyako, bwana. Haki ya nani vile, huyu Mheshimiwa atawadanganya."

Kinyozi akacheka mpaka mteja akashika sikio lake. "Mzee Kamba! Kila uongo wako unaanza na 'haki ya nani'. Afadhali yeye anamtaja Mungu mzimamzima."

Siku ya mkutano nilifika mapema. Mpambe wa Mheshimiwa, kijana wa suti inayombana makwapa, alikuwa amemweka binti yangu kona nyuma ya jukwaa.

"Nimeambiwa viziwi wanacheka ukipumzika. Leo neno kwa neno. Mikono ikilala, na kazi yako imelala. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alipoondoka nikamsogelea. "Mwanangu, usihangaike. Wewe watilie katikati alama moja tu, 'huyu mwongo'. Hawa wa suti watajuaje?"

"Baba, mimi si wewe." Alisema bila tabasamu. "Mkalimani haongezi neno lake. Nikiongeza leo, kesho nikiwaambia dawa hii ni sumu nani ataniamini? Halafu sijui kama anadanganya. Najua desturi yake tu."

"Basi tafsiri, ukifika nyumbani umwambie baba yako mkubwa."

"Yeye ni mmoja. Hao wengine je? Niwafuate mlango kwa mlango niwaambie nililosema jukwaani msiliamini?"

Nikarudi uwanjani kujitafutia nafasi.

Mheshimiwa akapanda. Makofi. Kaka na wenzake walikuwa wamekaa mbele juu ya mbao, macho kwenye vidole vya binti yangu. Kinyozi alikuwa nyuma yangu akipiga miluzi.

"Ndugu zangu, mimi mtoto wa maskini mwenzenu..."

Na mikono ikatafsiri. Mtoto. Maskini. Moyo, na chini kabisa ya moyo. Macho yasiyofumba. Mungu, sikio. Alifanya kazi yake vizuri, kwa ustadi wa kuudhi, na nikaona uso wa kaka unabadilika. Hawakuwa wameyaona maneno yale tangu zile siku za kwanza. Walimwona mtu anaapa kwa mikono miwili. Fundi mmoja wa vitanda akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kaka akaachia mabega, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"...karakana hizi hazitaguswa, hata tofali moja!"

Uwanja ukalipuka. Kinyozi akanirukia mgongoni. "Unasikia, Mzee Kamba? Hata tofali!"

Mimi nilikuwa namtazama binti yangu. Mikono ilikuwa bado juu, vidole vimefunguka, tayari kuibeba ahadi. Akamtazama baba yake mkubwa. Kisha akaishusha mapajani, taratibu, kama mtu anayetua mtungi uliojaa.

"Tafsiri!" mpambe akafoka.

Hakuinua kidole.

Mheshimiwa akageuka, kipaza sauti mkononi. "Binti, vipi? Nimesema hazitaguswa. Waambie!"

"Waambie mwenyewe, Mheshimiwa. Hili mikono yangu hailibebi."

Kipaza sauti kililinasa, uwanja mzima ukalisikia, na uwanja ukamzomea. Yeye ndiye aliyezomewa! "Ashushwe huyo! Kanunuliwa!" Kinyozi alizomea kuliko wote. Mpambe akamvuta mkono, mimi nikapanda jukwaani nikamng'ang'ania tai mpaka ulimi ukatoka urefu wa mkanda. Hapo sitii chumvi, au natia kidogo.

Katikati ya kelele hizo kaka akasimama. Hakuwa na haja ya kusikia chochote. Akajipukuta vumbi la mbao, akaingia karakana, akatoka na nyundo kubwa. Wenzake wakamfuata, kila mmoja kwake.

"Wanakwenda wapi hao?" Mheshimiwa akauliza.

"Kubomoa," binti yangu akasema. Alishuka ngazi akaenda kuwashikia nati.

Tingatinga lilikuja kabla wiki haijageuka, asubuhi, watu wanapiga mswaki. Liliwakuta viziwi wamebakiza kuta. Kinyozi lilimkuta na vioo vyote ukutani. Alitoka na kiti kimoja na shuka la kunyolea shingoni, kana kwamba yeye ndiye mteja.

Akaja moja kwa moja kwangu. Mashine ya randa imejaa uani, mke wangu anapita kiubavu akinuna, kaka anaipaka mafuta. Kinyozi akasimama mbele yake na kuanza kumtukana. Wachawi, wabinafsi, mlijua mkanyamaza, mmetuacha tufe. Binti yangu, sasa hana kazi wala mshahara, akakaa kati yao akatafsiri yote neno kwa neno, matusi na mate, hakuruka hata moja.

Kaka akafuta mikono kwa kitambaa. Akajibu kwa alama chache.

"Anasema," binti yangu akatamka, "sisi tulibomoa mchana, mbele yako. Wewe ulikuwa unapiga miluzi."

Kinyozi akaling'oa shuka shingoni. Kisha akanigeukia mimi, maana ilibidi ampate wa kumgeukia. "Na wewe! Ungesema kama mtu mzima, ningekuamini!"

Akaenda zake na kiti chake kichwani. Kaka akachomeka waya wa mashine, ikanguruma, na mke wangu akapiga kelele ambazo binti yangu alikataa kuzitafsiri.