Programu Iliyolilia Jina

Jumatatu asubuhi, binti wa seremala alipofungua ofisi yao iliyo juu ya duka la fundi cherehani, aliikuta programu inalia. Machozi yalikuwa yakitoka kwenye spika na kulowesha meza. Alikinga bakuli, akabadilisha waya, akazima kompyuta na kuiwasha tena. Ikaendelea kulia.

Kazi ya programu ilikuwa kusikiliza maneno ya watu na kuyaandika. Ilikuwa huria: yeyote angeichukua bure, aitumie, hata airekebishe. Ilitakiwa itolewe jioni hiyo. Binti aliianza kwa ajili ya baba yake, mwenye kigugumizi, kwa sababu simu ya idara ya maji hupokewa na mashine, na mashine hiyo haijawahi kumngoja mzee amalize neno la kwanza. Bomba la nyumbani lilikuwa kavu muda mrefu. Lakini programu inayolia haimsikii mtu.

Fundi cherehani alipanda ngazi, tepu shingoni.

"Huyo hana jina," alisema. "Mtoto wa watu ataitwa 'jaribio' mpaka lini? Hata mimi ningelia."

Kweli hawakuwa wameipa jina. Kila walipokaa kulichagua walinuniana. Mfanyakazi mwenzake binti, aliyeitwa Miwani, alisogelea maikrofoni akaanza kutaja. Sikio la Dhahabu. Ikalia. Mnara wa Lugha. Ikalia kwa kwikwi. Akataja jina la mfadhili, maana mkono mtupu haulambwi, bakuli likafurika.

Saa kumi seremala aliingia na chupa ya chai na vikombe, kama kila siku. Aliwakuta wanabishana, akafungua mdomo.

"Cha..." alisema. "Cha... cha..."

Programu ikanyamaza.

Miwani, na haraka zake, alitaka kummalizia mzee neno. Fundi akamkanyaga mguu. Basi wakangoja wote, na programu ikangoja. Mzee alifumba macho, kama afanyavyo randa inapokutana na fundo la mbao, akapita.

"Chai inapoa."

Maneno mawili yakatokea kwenye skrini, mazima. Kisha spika ikatoa kicheko cha mtoto aliyeshiba.

"Ndilo hilo," alisema fundi, akajimiminia kikombe.

"Mi... mimi nilikuwa nawakaribisha tu," alisema mzee, akacheka mpaka akashika mbavu. Binti alimkumbatia yeye na chupa yake. Hakuwa amefurahi hivyo tangu aanze kazi ile.

Ikatolewa jioni kwa jina la Chai Inapoa. Mfadhili aliandika kuuliza jina hilo lina falsafa gani. Miwani akamjibu kwamba chai ilikuwa inapoa. Binti aliipeleka bure idara ya maji pia, wakamshukuru na kusema mashine yao haina tatizo.

Kesho yake mzee aliipigia simu idara, programu ikiwa mezani kando yake.

"Eleza shida yako," ilisema mashine.

"Bo... bo..."

"Samahani, hatujakuelewa." Ikakata.

Programu ikaangua kilio. Mzee akaipakata, akaipigapiga mgongoni.

"Nya... nya..."

Ikatulia, ikamngoja.

"Nyamaza, mwanangu," akamaliza. Ilipopata usingizi aliilaza mezani, akachukua ndoo, akaenda kwa jirani kuomba maji ya chai.