Mzee Aliyepiga Simu Kutoka Stoo

Wananchi wenzangu, viongozi wa ngazi zote, na wewe unayesoma haya ukiwa umejificha msalani: leo, kwa moyo mzito na kifua kipana, nautangazia umma kwamba yule mchambuzi wa siasa aliyelitikisa taifa kwa wiki nzima, yule mzee mstaafu mwenye kikohozi, ni mimi. Nina miaka kumi na sita. Ni msichana. Sijastaafu kazi yoyote, na kikohozi nilikiiba kwa mkuu wa shule yetu.

Huyo mkuu wa shule ana sauti ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa, na kila baada ya maneno machache hukohoa mara moja, kwa heshima. Mimi nami Mungu alinigawia sauti ya babu yangu, wala sikuomba. Asubuhi moja nikakuta kipaza sauti cha shule kimeachwa peke yake ofisini. Nikakohoa, nikatangaza kwamba kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, mtihani wa hesabu umefutwa duniani kote. Bweni zima likalipuka kwa vigelegele. Walimu wawili nao walishangilia, lakini hao hawakuadhibiwa. Mimi nilirudishwa nyumbani kutafakari tabia yangu, na baba, ambaye hakutaka hata kunitazama, akanipeleka kwa dada yake.

Shangazi ana redio. Sisemi ile ya kuweka juu ya kabati. Ana kituo kizima cha utangazaji, chenye studio, kijiofisi na stoo, juu ya duka la rangi. Kuta za studio amezibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na mlangoni limening'inia blanketi la kijivu. Fundi mitambo wake ni jamaa mwembamba anayeitwa Waya, ambaye pia hupokea simu, husoma hali ya hewa na hufagia.

"Utakaa stoo, upange kanda za zamani," shangazi aliniambia siku niliyofika. "Na huo mdomo wako, mwanangu, uuache huko huko kwenye kanda."

"Nikishikwa na kiu je, shangazi?"

"Kunywa. Usiongee."

Ninywe nini sasa? Hapo ndipo siasa inapoingia, kwa hiyo kaeni vizuri.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba maji ya bomba yamefika kila mtaa. Mtaani kwetu alikuja waziri mwenyewe. Akakata utepe, akafungua bomba, maji yakaruka, kwaya ikaimba, kamera zikamwangaza. Msafara wake ulipokunja kona tu, bomba likakoroma, likanyamaza, na halijatoa tone tena. Gazeti moja lilichapisha picha ya bomba lile likiwa kavu. Likafungiwa kwa kosa la "kuchapisha picha isiyokamilika". Kisha zikaja kanuni mpya za utangazaji: mtu akitaka kuukosoa mradi wa serikali redioni, kwanza aombe kibali kwa ofisi inayousimamia mradi huo, nayo itampa ikijiridhisha kwamba hana la kukosoa. Nilizisoma kanuni hizo mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Sijawahi kuonea wivu utani wa mtu mwingine kiasi kile.

Shangazi ana kipindi chake cha asubuhi, ambacho wananchi hupiga simu kutoa maoni. Waya aliniambia kwamba zamani watu waligombania laini kama wanaogombania viti. Baada ya kanuni, wote walifyata ulimi.

"Karibu msikilizaji," nilimsikia shangazi kupitia ukuta wa mbao. "Una maoni gani kuhusu huduma ya maji?"

"Mimi nawasalimu wakwe zangu."

"Vizuri. Na maji?"

"Wakwe zangu wote, popote walipo."

"Ndugu yangu, kwako maji yanatoka?"

"Na shemeji yangu mdogo." Simu ikakatwa.

Siku zikapita hivyo. Shangazi yangu ni mwanamke ambaye hata baba hajawahi kumnyamazisha, na sasa nilikuwa namsikia akiibembeleza nchi iongee, na nchi inasalimu wakwe. Ikanikera. Pia, nisiwadanganye, kupanga kanda kunachosha.

Nikachukua kisimu changu cha tochi, nikajikunyata chini ya rafu, nikapiga. Simu ya studio ni ya mezani, ya kizamani, isiyoonyesha namba ya mpigaji.

"Halo," nikasema, nikakohoa mara moja. "Mimi ni mzee tu, mstaafu."

"Shikamoo, mzee wangu," shangazi akasema.

Jamani! Shangazi ananiamkia mimi! Nilitaka kufa kwa raha.

"Marahaba, mwanangu. Nimepiga kuipongeza serikali."

Nikamsikia akiishiwa nguvu. "Haya, karibu upongeze."

"Naipongeza kwa lile bomba. Nimeona mabomba mengi maishani, sijapata kuona linalomtambua waziri. Likimwona linatoa maji. Likituona sisi linatazama pembeni. Bomba lenye elimu kiasi hicho lisiachwe barabarani, mwanangu. Lipewe ofisi."

Kisha nikasikia kishindo: Waya alikuwa ameanguka na kiti chake. Shangazi alicheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, cha msichana wa shule, na kabla hajakimaliza simu ikalia.

"Mimi ni kinyozi," sauti ikasema, "na mimi pia naipongeza serikali. Tangu maji yafike, wateja wangu nawafuta vichwa kwa kitambaa kikavu. Wanang'aa!"

Ikalia tena. Alikuwa mama mmoja anayefua nguo za watu. Aliipongeza serikali kwa kumpa mazoezi, maana sasa anafuata maji mpaka ng'ambo ya reli na kiuno chake kimerudi kuwa cha ujana. Wengine wakafuata. Kanuni zilikataza kukosoa bila kibali. Kuhusu kupongeza hazikusema kitu. Mtaa mzima ukawa na pongezi rohoni ambazo ulikuwa umezibana muda mrefu.

Basi mzee akawa anapiga kila asubuhi. Alimpongeza mbunge wetu kwa kuitunza sauti yake tangu uchaguzi uishe. Aliwapongeza waandishi wa lile gazeti kwa likizo ndefu waliyopewa bila kuomba. Vipande vyake vikarekodiwa, vikasambaa kwenye simu nchi nzima. Muuza rangi wa chini akawa hafungui kopo mpaka mzee amalize. Kilele kilikuwa taarifa ya habari ya taifa, pale waziri alipokunja uso na kusema kuna "mzee mmoja asiye na shukrani". Mimi! Ambaye nilikuwa sifanyi kazi nyingine ila kushukuru!

"Yule mzee lazima alikuwa hakimu," shangazi aliniambia tukiwa mezani. "Sikiliza anavyopima maneno. Ungejifunza kwake, wewe."

"Nitajitahidi, shangazi."

"Usicheke na chakula mdomoni."

Asubuhi iliyofuata, kabla kipindi hakijaanza, nikasikia ngazi zikilia kwa viatu vizito. Ukuta ukaniletea sauti ya mwanaume.

"Mama, natoka Mamlaka ya Utangazaji. Tunamtaka huyo mzee. Utuambie ni nani na anakaa wapi, uendelee na kazi yako. Hutaki, naufunga mlango huu kwa utepe sasa hivi, na wewe tunaongozana."

"Simjui."

"Basi tusaidie kumpata."

"Hata ningemjua, nisingekusaidia." Sauti ya shangazi haikupanda wala kushuka. "Yule ni mtu mzima, ndugu afisa. Anakohoa. Unataka akalale kwenye sakafu ya mahabusu kwa ajili ya bomba? Mtu akipiga simu hapa amenikabidhi sauti yake. Simtoi."

"Miaka yote uliyoihangaikia redio hii, unaitupa kwa mtu usiyemjua?"

"Funga, nimeshakwambia."

Nikasikia utepe ukivutwa kutoka kwenye mviringo wake, kraaa, kama kitambaa kinachochanwa. Shangazi alikuwa anapoteza redio, na huenda akalala ndani, kwa ajili ya mzee ambaye wakati huo alikuwa amekalia sanduku la kanda, amevaa ndala, anatafuna ukucha.

Ndipo nikapata mpango. Niliuona wa kishujaa. Mzee apige simu, ajisalimishe, aseme yuko mbali, redio haina hatia, atajileta mwenyewe polepole kwa sababu ya magoti. Nikapiga.

Waya, ambaye mikono yake huingiza simu hewani kabla kichwa hakijaamua, akaingiza. Tukawa hewani.

"Ni yeye!" shangazi akasema. "Mzee wangu, nakuomba, kata simu! Usiseme kitu!"

"Usihofu, mwanangu," nikasema, nikakohoa. "Nipe huyo kijana wa serikali."

Afisa akanyakua mkono wa simu. Nikasikia akivuta pumzi.

"Unaongea na Afisa Mkuu wa Maudhui!" akanguruma. "Simama unapojibu!"

Sasa nawaomba ninyi ambao hamkulala bweni mnisikilize kwa huruma. Bweni linamfanyia mtu kitu kwenye magoti. Sauti ya namna ile ikisema simama, kichwa hakiulizwi. Kila asubuhi kwa miaka mitatu, mwalimu wa zamu akiingia bwenini, tunaruka kitandani, mikono ubavuni, na kumwamkia kwa pamoja kabla macho hayajafunguka. Nikaruka wima ndani ya stoo, nikabana mikono, na kwa sauti yangu ya kawaida, isiyo na kikohozi, nikapaza:

"Shikamoo, mwalimu!"

Kichwa kikagonga rafu. Rafu ikamwaga kanda zote nilizokuwa nimezipanga. Nchi ikamsikia mzee mstaafu akimwamkia mtu wa umri wa mwanawe, ikasikia mvua ya kanda, ikamsikia mzee akilia "Mamaa!" Waliokuwa studio walisikia mara mbili, kwenye simu na ukutani.

Mlango wa stoo ukafunguliwa.

"Msichana?" afisa akasema.

"Wewe?" shangazi akasema.

Waya alikuwa ameuma mkono wa shati lake.

Afisa akanitazama kuanzia ndala mpaka nundu iliyokuwa inachipuka kwenye paji. Nadhani aliona jinsi atakavyomweleza waziri kwamba aliyetajwa kwenye taarifa ya habari ni huyu. Akapoa ghafla, akawa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko kunguruma.

"Njoo ukae hapa, binti. Sema kwenye kipaza kwamba wewe ni mtoto, ulikuwa unacheza, na yote uliyosema kuhusu maji ni uongo. Ukisema hivyo, naondoka na utepe wangu. Redio inabaki. Shangazi yako anabaki."

Nikamtazama shangazi. Nilitegemea hasira, nikakuta uso uliochoka.

"Ni sauti yako," akasema. "Sikukutuma uingie hewani. Na sasa sikutumi useme nini."

Nikakaa. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Sikukohoa.

"Wananchi wenzangu, mimi si mzee. Ni mwanafunzi niliyerudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu, na mkuu wa shule akinisikia, namwomba radhi kwa kukiazima kikohozi chake. Mliniamkia nikaitika marahaba. Nawarudishia shikamoo zenu zote. Nimewadanganya umri, nimewadanganya sauti." Afisa alikuwa anaitikia kwa kichwa kunihimiza. "Na kuhusu maji, nimeambiwa niseme ni uongo, tusifungiwe. Ningependa sana tusifungiwe. Lakini leo asubuhi nimepigia mswaki maji ya chupa. Kwa hiyo hapo sijui niseme nini."

Afisa akanyoosha mkono kuzima kipaza. Simu ikalia, na Waya akaingiza.

"Ni mimi kinyozi. Duka langu ni lile la mlango wa bluu, karibu na posta. Afisa aje, nipo, nanyoa mtu. Na leo siipongezi serikali, naikosoa. Bomba ni kavu."

Ikalia tena. Yule mama wa kufua akasema anakoishi, nyumba na mlango, akasema bomba ni kavu na kiuno kinamuuma. Akafuata mwalimu. Akafuata muuza rangi, ambaye alikuwa anapiga kutoka chini ya miguu yetu na tulimsikia mara mbili. Hakuna aliyesalimu wakwe. Damu ilinisisimka mpaka kwenye nundu.

Simu ya afisa nayo ikaanza kulia mfukoni. Akaipokea, akasimama wima.

"Ndiyo, mkuu. Hapana, mkuu, si mzee. Ni... mkuu, sasa wanapiga wengi, wanataja na milango yao. Hapana. Utepe hautatosha, mkuu."

Akashuka ngazi akiendelea kujieleza, utepe umemning'inia mkononi.

"Atarudi," shangazi akasema. "Na wenzake. Waya, pokea simu mpaka watakaporudi."

Kisha akanivuta mpaka nyuma ya blanketi, akanishika kidevu kama anayekagua jino.

"Wakati namwambia afunge. Ulikuwa unanisikia?"

Nilikuwa na uongo tayari, tena mzuri: kwamba kanda zilikuwa zinapiga kelele, kwamba nilisikia mwisho tu. Ulinifika mpaka kwenye ulimi.

"Nilisikia, shangazi. Neno kwa neno."

"Na ukakaa kimya?"

"Nikakaa."

"Kwa woga?"

"Woga ulikuwepo," nikasema, na sauti ya babu ikaniishia. "Lakini ulikuwa unamtetea mzee vizuri sana. Hakuna aliyewahi kunitetea hivyo. Nilitaka uendelee kidogo, hata baada ya kusikia ule utepe."