Kambale Hana Magamba

Mungu anisamehe, lakini yule Achille nilimchukia toka aliposhuka kwenye pikipiki siku ile ya mtihani. Minye niko mwalimu kule Sange, mwaka wa kumi na sita sasa. Achille nilimfundisha akiwa mwaka wa tano wa shule ya msingi, nikampigisha magoti mara nyingi tu kwa ajili ya mdomo wake, maana kila nilichosema alikuwa na swali. Leo yeye ni asista, mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu, na minye, mama wa watoto wanne, ndiye mwanafunzi wake. Ebu fikiria! Kule shuleni walituambia wazi: asiye na diploma ya chuo, mwezi wa tisa darasa lake linapewa mwingine. Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu, somo la mtihani, mbele ya huyo huyo Achille, katika shule moja ya Uvira karibu na ziwa, kwa watoto nisiowajua.

Kwetu sisi wa staji, tunaofanya mazoezi ya kufundisha, fiche ya somo, ile karatasi ya maandalizi, haitungwi, inarithiwa. Yangu nilipewa na Olga aliyenitangulia mwaka mmoja, naye aliipata kwa waliomtangulia. Somo: samaki. Fiche ikishasainiwa hubadilishi hata nukta; ukitoka nje yake unakatwa pointi. Tena lazima kitu chenyewe kiwe mezani, picha hawataki. Sawa. Asubuhi nikaenda soko la Kimanga kutafuta mukeke, samaki wetu wa ziwani. Mukeke gani? Ziwa lilikuwa limefungwa, kuvua marufuku mpaka mwezi wa nane. Nilizunguka nikachoka, nikapata kambale mmoja wa mabwawa ya Ruzizi, mweusi, anateleza kama sabuni.

Fiche ilisema mwili wa samaki umefunikwa na magamba. Ningefanyaje? Nilisema magamba. Nikamnyanyua kambale wangu, nikawaambia warudie, na watoto arobaini na tano wakarudia kwa sauti moja: magamba, magamba. Achille alikaa nyuma kabisa pamoja na wenzangu wa staji, anaandika tu.

Somo likaisha, watoto wakatoka kucheza. Hapo ndipo inakuja critique, ambayo chuo chetu kinaipenda kuliko chakula. Unasimama mbele ya wenzako na unaanza weye mwenyewe kutaja makosa yako. Usipotaja, una kiburi. Ujanja wake tunaujua wote: unataja vidogo vidogo. Nikasema chaki ilinikatikia, na mistari yangu ubaoni ilipanda juu.

"Na kingine?" Achille akauliza.

"Labda sauti ilikuwa ndogo, Asista."

"Sauti yako, Madame Florentine? Hiyo naijua."

Wenzangu wakacheka. Mshenzi wee! Nilitamani nimtupie kambale usoni.

Akaenda mlangoni, akaita. Akaingia msichana mwembamba, mikono imejaa vumbi la mchezo.

"Délice, samaki ya Madame iko na magamba?"

"Hapana. Ile ni kambale. Kambale haina magamba."

"Mbona hukusema?"

"Nilinyoosha kidole."

Achille akanigeukia. "Kidole chake nilikiona toka nyuma, kilikaa juu muda mrefu. Mwalimu asipomuona mtoto, nakata pointi tano, yanaisha. Akimuona akamnyamazisha, hapo anarudia mwaka. Madame, ulikiona?"

Nilikiona, jamani. Nilikiona vizuri kabisa, nikamkazia macho mpaka akakishusha. Nikafikiria darasa langu la Sange na mtu mwingine amesimama mbele yake, nikafikiria huyu Achille akinisainia kurudia mwaka. Hasira ikanipanda.

"Sikukiona," nikasema.

Achille alinitazama sana. Halafu akakata tano zake, akasaini, akanipa karatasi, akatoka. Nilikuwa nimepita. Wenzangu wakapiga makofi, wakaanza kunipa mikono, nami nikacheka nao.

Délice alikuwa bado amesimama palepale. Akanivuta kitenge.

"Lakini Madame, si weye uliniangalia nishushe kidole?"

Nikainama mpaka sikioni kwake.

"Nyamaza," nikamwambia.

Akanyamaza.