Shimo Juu ya Paa la Mama

Kazini walimwita Darubini, kwa kuwa mambo ya mbinguni aliyaona, kalamu iliyo mbele ya pua yake akaitafuta nusu saa. Wiki hiyo, tuseme ukweli, jina lilimkaa sawasawa.

Kazi yake ilikuwa kuchungulia ionosfera, lile tabaka la juu la anga lililojaa chembe za umeme. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo huchelewa kidogo, na vipokezi vilivyotawanywa nchini hupima huko kuchelewa ili kukadiria wingi wa chembe. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba kabla ardhi haijatetemeka, tabaka hilo huvurugika. Wapo wanaocheka. Ofisi yao ilikaa katikati, inapima na kunyamaza, na amri ya kwanza ilikuwa kwamba matokeo hayatoki nje ya mlango.

Sasa Darubini, kila asubuhi kabla hata ya chai, alifungua kwanza takwimu za kituo cha mji wa mama yake, mji ambao kuta zake ziliwahi kuangukia watu kwa tetemeko yeye akiwa mtoto. Jumatatu akakuta mstari wa mchoro umezama kama shimo. Chembe zilikuwa pungufu kuliko wastani wa siku kumi na tano zilizopita, tena pungufu vibaya. Akatoka kwenye korido, simu sikioni, akamwambia mama asilale ndani.

Mama hakuuliza mengi. Alikuwa amesomesha mtoto ili siku moja amsikilize, basi akamsikiliza. Akatoa godoro uani, akamnong'oneza jirani yake fundi cherehani, naye fundi cherehani siri haikai kwake hata muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Kufikia Jumatano mtaa mzima ulikuwa umehamia nje, vikongwe kwa vichanga, mvua inawanyea, na mama kifua kimembana. Darubini huku hali wala hatulii. Anasimama, anaketi, anakwenda dirishani, anarudi. Alianza kuogopa kwamba tetemeko lisipokuja ataonekana mzushi, kisha akajionea haya, maana ni mwana gani huyo anayeogopa mama yake kusalimika?

Alhamisi uvumilivu ukamwishia, akampelekea bosi ule mchoro na kukiri yote. Bosi, mama mmoja mzito wa maneno, akautazama, akamuuliza vituo vingine vinasemaje.

Darubini hakuwa amevifungua. Siku nne nzima alikuwa na kituo kimoja tu, kama mzazi anayepapasa paji la uso la mwanawe mwenye homa. Wakavifungua pale pale. Shimo lile lile kaskazini, lile lile kusini, hadi visiwani, na tetemeko halitishii nchi nzima kwa mpigo. Bosi akarudi kwenye wastani, na kasoro ikaonekana. Siku tatu za dhoruba ya jua, zilizofurika chembe kupita kiasi, zilikuwa zimeachwa ndani ya zile kumi na tano. Kuziondoa ni somo la siku ya kwanza katika kazi hii. Darubini hakuziondoa, wastani ukapanda, na siku ya kawaida ikaonekana shimo.

Bosi hakumfokea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimwagiza tu apige simu awarudishe watu majumbani mwao, mengine yangesubiri.

Simu ikapokelewa kwa kikohozi. Darubini akaeleza yote, jua, wastani, kosa lake, akaomba radhi huku machozi yanamtoka. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Haya mwanangu, nimekuelewa. Kwa hiyo leo hakuna tetemeko?"

Jamani, swali jepesi hivyo! Mchoro ulikuwa umekosea, lakini mchoro uliokosea hausemi kwamba ardhi imetulia. Hausemi chochote. Mambo yalikuwa yale yale ya juzi na ya mwaka jana.

"Sijui, mama. Hakuna anayejua."

"Basi niingie au nisiingie?"

Nyuma ya sauti ya mama alimsikia fundi cherehani akiuliza amesemaje, amesemaje, na watoto wakikohoa. Mtaa mzima ulikuwa unamngoja yeye.

"Ingia, mama. Waambie wote waingie. Na mimi naja leo leo, nitalala chumbani kwako."

"Unakuja kwa sababu ni salama," mama akauliza, "au kwa sababu si salama?"

"Nakuja tu, mama. Ila upande wa ukutani nalala mimi."